Jethro Tull na Mashine ya Kupandia Mbegu

Miongoni mwa watu wa zamani ambao kazi zao zingali zinatumika mashambani, Jethro Tull wa Uingereza ana jambo moja linalomtenga na wenzake. Mashine aliyoibuni ya kupandia mbegu kwa mistari imezaa nyingine nyingi zilizoenea ulimwenguni. Lakini fundisho alilolithamini kuliko mashine hiyo, yaani kwamba ardhi sharti itifuliwe tena na tena ndipo izae, linaachwa na wakulima wa nchi nyingi. Hivi leo mashine za ukoo wa ile yake hutengenezwa makusudi kwa ajili ya kupanda katika ardhi ambayo plau haikuigusa kabisa.

Huenda askari au polisi akauliza maisha ya Mwingereza aliyefariki karibu miaka 300 iliyopita yanamhusu nini. Jibu lake laweza kupatikana pwani ya Tungue, kaskazini mwa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma ukitoka Mtwara. Hapo ndipo ulipo mji wa Palma, kando ya Ghuba ya Tungue, mahali ambapo Sultani Barghash wa Unguja alipadai kuwa pake hadi Wareno walipopapiga mizinga na kupatwaa mwaka 1887. Mwezi wa Oktoba 2017 vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia, kusini ya hapo, vilishambuliwa. Tarehe 24 Machi, 2021, Palma yenyewe ikavamiwa. Maelfu ya watu walikimbia na kuyaacha mashamba yao. Mwaka huo huo wa 2021 majeshi ya Rwanda na ya nchi za Kusini mwa Afrika, wakiwamo askari wa Tanzania, yalipelekwa Cabo Delgado, na baadaye wengi wa wakimbizi wakaanza kurejea makwao.

Mkulima anayerejea namna hiyo hukuta shamba lake limegeuka kichaka, na mvua haimngoji. Akiwa na jembe moja la mkono, na watu wa nyumba yake waliochoka, hana budi kuamua ataitayarishaje ardhi na atapanda kwa chombo gani. Akikosa msimu mmoja, hurudi kupanga mstari wa chakula cha msaada, na askari anayelinda barabara ya mgao huo hurudi naye. Kwa hiyo suala la chombo cha kupandia limo ndani ya suala la amani, na mmoja wa watu wa Ulaya waliolitafakari kwa kina na kupata sifa kwalo alikuwa Jethro Tull.

Wakili asiyekwenda mahakamani

Tull alizaliwa mwaka 1674 huko Basildon, katika jimbo la Berkshire, kwenye jamaa iliyokuwa na ardhi. Baba yake naye aliitwa Jethro. Mwaka 1691, alipokuwa na umri wa miaka 17, alipelekwa Chuo cha St John's huko Oxford, lakini aliondoka pasipo kuchukua digrii. Mwaka 1693 aliingia Gray's Inn mjini London, ambako mawakili hufunzwa, na mwaka 1699 akakubaliwa kuwa wakili. Mwaka huo huo alimwoa Susanna Smith.

Nia yake ilikuwa kuingia katika siasa, na sheria ilikuwa ngazi ya kupandia huko. Lakini alikuwa na maradhi ya kifua, na moshi wa London haukumfaa. Akahamia Howberry, karibu na mji wa Wallingford, kwenye shamba la jamaa yake. Aliingia katika kilimo kwa kulazimika, akiwa na akili ya mtu aliyefunzwa kudai ushahidi kabla ya kukubali neno lolote. Tabia hiyo ya wakili ndiyo iliyomfaa shambani kuliko elimu yoyote ya kilimo ambayo angaliweza kuipata siku zile.

Katika Uingereza ya wakati huo nafaka ilipandwa kwa kutawanywa. Mpandaji alipita shambani na mfuko wa mbegu, akizitupa kwa mkono huku na huku, kisha haro ikakokotwa juu yake. Mbegu nyingine zilibaki juu zikaliwa na ndege, nyingine zilizama mno zisichipue, na nyingine zilirundikana mahali pamoja zikanyang'anyana maji. Tena, kwa kuwa hapakuwa na mistari, palizi ilikuwa taabu kubwa, na magugu yalistawi pamoja na ngano.

Vibarua wagoma

Zao lililomfikisha Tull kwenye uvumbuzi wake lilikuwa malisho ya wanyama. Alitaka kupanda ekari 120 za mmea uitwao senfoini, jamii ya kunde, ambao majani yake hukaushwa na kulishwa mifugo. Mbegu zake zilikuwa ghali, na nyingi hazikuota. Tull hakuongeza mbegu kama majirani zake walivyofanya. Alichunguza ardhi, akapima kina ambacho mbegu huota vizuri, akatazama ni mimea mingapi inayohitajika ili kujaza eneo fulani. Akagundua kwamba mbegu chache zilizopandwa kwa kina kimoja, katika mifuo iliyonyooka, na kufunikwa barabara, zilizaa kuliko nyingi zilizotupwa ovyo.

Ndipo akawaamuru vibarua wake wachimbe mifuo hiyo kwa mkono, watie mbegu kwa kadiri, na kuzifukia kwa uangalifu. Baada ya muda wakagoma. Tull aliwaachisha kazi, na katika maandishi yake ya baadaye aliwasema vibarua kwa ukali mwingi. Upande wao nao wastahili kufikiriwa. Kuinama kutwa nzima, kuweka mbegu moja moja ardhini, katika baridi na upepo, ni kazi nzito kuliko kutembea na mfuko begani. Mtu aliyesoma Oxford aliweza kuona faida ya kina na nafasi. Yule aliyeinama aliona mgongo wake tu. Afisa yeyote aliyewahi kutoa amri nzuri pasipo kuieleza, kisha akaona imetekelezwa nusu, ataitambua hali hii.

Kinanda chazaa mashine

Baada ya mgomo huo Tull alikuwa na njia mbili, ama kuacha mpango wake, ama kutengeneza chombo kitakachofanya kazi ile pasipo kuchoka. Alichagua ya pili, na inakadiriwa kwamba mwaka 1701 mashine yake ya kwanza ilikuwa tayari.

Tull alipenda muziki, na aliwahi kukichunguza kinanda kikubwa cha kanisani kwa ndani. Katika ubao wa sauti wa kinanda hicho kuna mfuo, ulimi na kamani: ulimi ukishuka upepo hupita, kamani ikiurudisha upepo huzibwa. Akawaza kwamba kitu kiwezacho kupitisha upepo kwa kipimo chaweza pia kupitisha mbegu kwa kipimo. Akaweka kisanduku cha mbegu, na chini yake mti wa mviringo wenye vishimo, unaozungushwa na magurudumu ya mashine. Kila kishimo kilichukua mbegu chache kutoka kisandukuni, ulimi wenye kamani ukazuia zilizozidi, na mbegu zikashuka kwa bomba hadi kwenye mfuo uliochimbwa na kisu cha chuma kilichotangulia mbele. Nyuma yake haro ndogo ilifukia. Farasi mmoja aliweza kuvuta mashine iliyopanda mistari mitatu kwa safari moja.

Askari anaijua kanuni hii kutoka kwenye silaha yake, ambapo kamani ya magazini husukuma risasi ipande moja baada ya nyingine, kila moja kwa zamu yake. Mashine ya Tull iliifanyia mbegu jambo kama hilo.

Hata hivyo haifai kudhani kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kupanda kwa chombo. Watu wa Mesopotamia walikuwa na plau zenye bomba la mbegu maelfu ya miaka kabla yake, na Wachina walitumia vyombo vya kupandia mistari tangu zama za utawala wa Han. Wahindi nao walikuwa na vyao. Sifa ya Tull ni kwamba alikifanya chombo hicho kipime mbegu chenyewe, na akakiunganisha na mpango mzima wa kilimo.

Safari ya Ufaransa

Mwaka 1709 Tull alihamia shamba jingine huko Shalbourne, karibu na Hungerford, lililoitwa Prosperous, jina lenye maana ya neema. Neema yenyewe haikuwa nyingi, kwani ardhi ya vilima vile haikuwa na rutuba kubwa, na afya yake ilizidi kudhoofika. Mwaka 1711 alisafiri kwenda Ufaransa na Italia kutafuta hali ya hewa nzuri, asirudi hadi 1714.

Katika kusini mwa Ufaransa aliona mashamba ya mizabibu ambayo wakulima waliyapalilia na kuyatifua katikati ya mistari mara nyingi, nayo yakazaa pasipo samadi. Jambo hilo lilimwingia sana. Aliporudi nyumbani alipanda ngano kwa mistari miwili au mitatu, akaacha nafasi pana hadi mistari mingine, na katika nafasi hizo akapitisha jembe la kuvutwa na farasi mimea ikiwa inakua. Kwa njia hiyo alivuna ngano katika shamba lilelile kwa miaka 13 mfululizo bila kulitia samadi, akitumia mbegu chache kuliko majirani zake.

Matokeo hayo yalikuwa ya kweli, lakini maelezo aliyoyatoa hayakuwa sahihi. Tull aliamini kwamba chakula cha mmea ni udongo wenyewe uliosagwa ukawa laini, na kwamba mizizi huumeza vumbi lake. Kwa hiyo, kadiri ardhi inavyopondwapondwa ndivyo mmea unavyoshiba, na samadi si lazima. Hakimu asiyejua kemia angaliweza kumpa ushindi, kwa maana ushahidi wa miaka 13 ulisimama shambani ukionekana na kila mpita njia.

Kitabu na lawama

Mwaka 1731 alianza kuchapisha kitabu chake juu ya kilimo cha kutumia jembe la farasi, na mwaka 1733 kikatoka kikiwa kamili, pamoja na michoro ya mashine. Lawama zikaja haraka. Kikundi cha waandishi wa kilimo kilimshtaki kwamba ameiba mawazo ya waandishi waliomtangulia, wakamdhihaki kwa kuidharau samadi. Tull, aliyekuwa mgonjwa na mwenye hasira za karibu, alitumia miaka yake ya mwisho kuwajibu kwa nyongeza na maelezo. Mafundi wa vijijini hawakuweza kuiga mashine yake vizuri, vibarua hawakuipenda, na bei yake ilikuwa kubwa kwa mkulima wa kawaida.

Alifariki Prosperous tarehe 21 Februari, 1741, akazikwa Basildon alikozaliwa. Dunia haikumtajirisha. Mashine yake ilienea polepole, kwanza kwa kupitia wasomaji wa kitabu. Kutoka mwaka 1750 mtaalamu Duhamel du Monceau aliyaeneza mafundisho yake nchini Ufaransa. Katika Marekani, George Washington, jemadari aliyekuwa pia mkulima, alikisoma kitabu hicho, na baadaye akajitengenezea chombo chake mwenyewe cha kupandia, chenye pipa linalozunguka. Nchini Uingereza kwenyewe mashine za kupandia zilianza kuwa za kawaida katika karne ya 19, pale viwanda kama kile cha James Smyth huko Suffolk, kilichoanza mwaka 1800, vilipoweza kuziunda kwa chuma imara.

Kosa lililokuja kujulikana

Karne moja baada ya kufa kwake sayansi ilitoa hukumu. Majaribio ya Rothamsted, yaliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 1843, yalionyesha wazi kwamba mmea hutaka madini yaliyoyeyuka katika maji, kama naitrojeni na fosfati. Kutifua ardhi kulimfaa Tull kwa sababu kuliua magugu na kuingiza hewa udongoni, na hewa hiyo ikaharakisha kuoza kwa mabaki ya mimea yaliyomo, nayo yakatoa madini. Kwa maneno mengine, alikuwa akitumia akiba ya ardhi akidhani anaiumba.

Katika nchi ya baridi akiba hiyo huisha polepole. Katika nchi za joto kali na mvua za kishindo huisha upesi. Udongo uliolimwa ukaachwa wazi hupigwa na jua, kisha mvua ya kwanza huuchukua hadi mtoni. Wamarekani walionja adhabu ya namna hiyo katika miaka ya 1930, pale upepo ulipobeba udongo wa nyanda zao zilizolimwa kupita kiasi. Mwaka 1943 Edward Faulkner wa Ohio aliandika kitabu cha kuilaumu plau. Mwaka 1962 mkulima Harry Young wa Kentucky alipanda kwa mashine katika shamba lisilolimwa, akaendelea mwaka hata mwaka. Mwaka 1972 Herbert Bartz wa Paraná, Brazili, aliyekuwa akiona mvua ikilichukua shamba lake, aliagiza mashine ya namna hiyo, na wakulima wengi wa nchi yake wakamfuata.

Mashine ya kupandia bila kulima bado ina viungo vya Tull, yaani kisanduku, kipimo, bomba na kifukio. Lililobadilika ni mbele. Mahali pa kisu cha kuchimba mfuo kuna kisahani kikali cha chuma kinachokata nyasi na mabaki ya mavuno, kisha visahani viwili hufungua mpasuko mwembamba, mbegu ikashuka, na gurudumu la nyuma likaukanyaga udongo uishike mbegu. Ardhi nyingine yote hubaki imefunikwa.

Malisho ya wanyama wa porini

Huko Marekani mashine hizo zimepata kazi nyingine ambayo ingalimfurahisha mpandaji wa senfoini. Wawindaji na wenye ardhi hupanda vishamba vidogo msituni kwa ajili ya kulisha paa wa kwao na bata mzinga wa mwitu wakati wa baridi. Kwa kuwa vishamba hivyo ni vidogo na njia zake nyembamba, mtu huchagua mashine isiyo pana, inayovutwa na trekta dogo, yenye kisanduku cha pekee kwa mbegu ndogo kama za klova. Mbegu hiyo ikizikwa zaidi ya sentimita 1 au hivi hushindwa kutoka, ilhali mahindi hustahimili kina cha sentimita 5. Mashine nzito hununuliwa kwa ardhi ngumu. Kwa ardhi laini uzito mwingi ni hasara, kwani huzamisha mbegu.

Pwani ya Tungue hakuna anayempandia mnyama wa porini. Tembo na nguruwe huja wenyewe mashambani, na mkulima hulala katika dungu akiwalinda. Kupanda malisho ya tembo jirani na muhogo wa watu kungekuwa kumwita mwizi nyumbani. Hata hivyo wanyama hao wana shamba lao, nalo ni msitu. Kila mara ardhi ya mtu inapochoka, hukata msitu mwingine, huuchoma, na kupanda kwenye majivu. Baada ya miaka michache huhama tena. Kila ekari iliyofyekwa huwasogeza tembo na mkulima karibu zaidi. Kwa hiyo njia ya kupanda inayomwezesha mtu kukaa katika shamba moja kwa miaka mingi huwaachia wanyama malisho yao pasipo kuwapandia hata punje.

Vifaru vyageuzwa matrekta

Ubaya wa kuchagua mashine pasipo kuiuliza ardhi umekwisha kuonekana si mbali na Tungue. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea katika Tanganyika. Ilikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Wengi wa waliouendesha walikuwa wametoka jeshini, na baadhi ya matrekta yao yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa. Kazi ilipangwa kama mapigano, kwamba adui ni pori na ushindi ni idadi ya ekari zilizofyekwa. Lakini udongo wa Kongwa, wenye mfinyanzi mwingi, ulikauka ukawa kama saruji, ukayala majembe ya mashine na kuzishika karanga zising'oke. Mpango ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kula paundi zipatazo milioni 36. Nachingwea ilibaki na sifa nyingine, kwani baadaye ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, ambao kutoka hapo walivuka Ruvuma.

Chombo cha Tungue

Yeyote atakayepewa jukumu la kuwachagulia chombo wakulima wa pwani ile, au kulichagulia shamba la kambi, na aanze kwa kuitazama ardhi. Sehemu kubwa ya Tungue ni mchanga, na mabondeni kuna udongo mzito unaopandwa mpunga. Mashamba mengi yamejaa visiki na mizizi. Mashine ya kuvutwa na trekta, hata iwe bora namna gani, itavunja visahani vyake juu ya visiki hivyo, na udongo mzito ukilowa utaganda juu yake. Maksai nao ni wachache, maana mbung'o wamezuia ufugaji wa ng'ombe katika sehemu nyingi za pwani hiyo.

Kinachobaki ni chombo ambacho kingemkumbusha mkulima wa zamani muo wake, ile fimbo yenye ncha ya kutobolea ardhi. Nacho ni kipandio cha mkono, chenye mipini miwili na mdomo wa chuma. Mtu husimama wima, hukidunga ardhini kati ya nyasi zilizolazwa, hubana mipini pamoja, na mbegu hushuka kwa kipimo. Vipandio vya namna hiyo, vilivyotoka Brazili, vilijaribiwa na wakulima wa Arumeru na Karatu kaskazini mwa Tanzania katika miaka ya 2000. Hupita kati ya visiki, havitaki dizeli, na humwondolea mpandaji ile adhabu ya kuinama iliyowagomesha vibarua wa Howberry. Kinachohitaji kuangaliwa ni kipimo cha mbegu, kwa kuwa tundu lifaalo mahindi litamwaga ufuta bure. Katika mchanga pia mdomo huzama kwa urahisi, na mpandaji hana budi kujizuia.

Kupanda bila kulima kuna gharama yake, na si haki kuificha. Miaka ya kwanza magugu hujitokeza kwa wingi, kwa kuwa plau iliyokuwa ikiyazika haipo. Anayetumia dawa ya kuua magugu lazima awe na fedha, nguo za kujikinga na maji safi. Asiyeitumia sharti afunike ardhi kwa nyasi nyingi na kupalilia juu juu. Mchwa hupenda nyasi hizo, na moto wa jirani waweza kuziteketeza kwa mchana mmoja. Kwa sababu hiyo kipandio peke yake hakitoshi. Kijiji hakina budi kukubaliana juu ya moto kwanza, na hapo polisi na viongozi wa mahali wana kazi yao.

Wala asinunue mtu vipandio mia kwa kusikia sifa. Njia ya Tull ya kuamua ingali njema, hata kama nadharia yake imekufa. Yeye alipanda kidogo, akafukua, akahesabu mbegu zilizoota na zilizooza, kisha ndipo akaamini. Kipande cha hatua kumi kwa kumi kilicholimwa, na kingine cha kadiri hiyo kisicholimwa, vikipandwa siku moja kwa mbegu ya gunia moja, vitatoa ushahidi wa kutosha kabla ya mvua kuisha. Mkulima mwenyewe ndiye ahesabu, kwani ndiye atakayekula mavuno au kuyakosa.